Unataka kuacha sigara uhamie snus au ugoro? Jipime hivi kwanza

Mvutaji akichoka na moshi, au kifua kikianza kumsumbua, au kazini wakipiga marufuku sigara mpaka getini, wazo moja linalomjia haraka ni tumbaku isiyo na moshi, yaani ugoro wa kunusa, tumbaku ya kutafuna, au ile ya kuweka chini ya mdomo kama snus. Na hapo ndo watu wanagawanyika. Kuna wanaojaribu siku mbili tatu wanatupa kopo, kuna wanaohama jumla wakaisahau sigara, na kuna wanaobaki na vyote viwili, sigara mfukoni na tumbaku mdomoni, na hawa wa mwisho ndo wanaoniuma roho zaidi kwa sababu wanaamini kabisa wameshapiga hatua.

Naandika kwa ajili ya mvutaji ambaye wazo limeshamwingia kichwani na anataka kujua mapema ataangukia kundi gani. Unaweza kujua kwa kiasi kikubwa tu, maana mengi yanayoamua yapo tayari kabla hujafungua kopo. Kama huvuti sigara, au uko chini ya miaka 18, naomba usianze kabisa, nikotini ikishakushika hainaga huruma na hakuna unachopata.

Anza kwa kujiuliza unaitaka ya nini

Fungua simu sehemu ya kuandika, andika sentensi moja inayoanza na "nataka hii kitu kwa sababu..." halafu malizia kwa ukweli, usiandike kile ambacho ungemwambia daktari.

Majibu ya watu huwa yanaangukia sehemu tatu. Wa kwanza ni udadisi, rafiki kampa, au ladha ya minti imemvutia, anaonja tu, na huyu mara nyingi haendi mbali kwa sababu hakuna kinachomsukuma siku ya pili. Wa pili anatafuta cha kumsogeza pale asiporuhusiwa kuvuta, ndani ya ndege, ofisini, kwenye kikao cha masaa matatu. Wa tatu anataka sigara iishe kabisa kwenye maisha yake.

Huyo wa pili ndo nataka nikae naye hapa. Sigara ilipokatazwa ofisini na migahawani kwenye nchi nyingi, wavutaji wengi walibanwa, na baadhi walipunguza na baadhi wakaacha, maana kutoka nje kwenye baridi kila baada ya nusu saa kunachosha. Sasa ukimpa mtu wa aina hii kifuko cha kuweka mdomoni kila anapobanwa, ule usumbufu uliokuwa unamsukuma kuacha unaondoka, nikotini haishuki kamwe mwilini, na jioni akifika nyumbani anawasha sigara kama kawaida. Watengeneza tumbaku walilielewa hili mapema, ndo maana snus ilipoingia soko la Marekani baadhi ya matangazo yake yaliinadi kama kitu cha kutumia pale usipoweza kuvuta. Halikuwa tangazo la kukutoa kwenye sigara, lilikuwa la kukuongezea cha pili.

Na kupunguza hakusaidii kama watu wanavyodhani. Uchambuzi uliotoka kwenye jarida la BMJ mwaka 2018, uliokusanya tafiti nyingi, ulikuta kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku anabeba karibu nusu ya ile hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mtu wa sigara 20. Rudia kuisoma hiyo. Umetoka 20 mpaka 1, umejinyima, umeteseka, na moyo wako umepata nusu tu ya nafuu. Kwa hiyo ukiniuliza swali linaloamua kila kitu nitakwambia ni hili, je, uko tayari sigara ifike sifuri? Kama jibu ni "nitaona", basi tayari uko kwenye kundi la vyote viwili, na mwili wako hautapata hata ile faida uliyoifuata.

Halafu jua unashika nini mkononi

Kuna makosa mawili ya imani na yote yanaongoza watu vibaya. Wavutaji wengi wanaamini tumbaku ya mdomoni ina madhara sawasawa na sigara, kwa hiyo hawaoni sababu ya kuhama. Wengine wanaamini kwa kuwa hamna moshi basi ni salama, na hawa wanaingia kichwa kichwa bila mpango wowote.

Ukweli uko hivi. Sehemu kubwa ya ubaya wa sigara inatokana na kuungua, moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, una lami, una monoksidi ya kaboni, na vyote unavishusha kwenye mapafu. Tumbaku isiyowashwa haikupi huo moshi. Lakini shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilishasema kwenye kitabu chake cha 2007 kwamba tumbaku isiyo na moshi inasababisha saratani ya kinywa na ya kongosho, na baadaye likaongeza umio, kwa sababu majani yenyewe yana sumu zinazoitwa nitrosamini, hasa mbili zinazojulikana kwa vifupi NNN na NNK.

Na kiwango cha hizo sumu kinatofautiana sana, hapa ndo watu wanapotea. Snus ya Uswidi inapikwa kwa mvuke badala ya kuchachushwa, na hiyo inazuia bakteria wanaotengeneza nitrosamini, kwa hiyo zinabaki kidogo. Ile ya kimarekani ya kubana kwenye fizi kwa kawaida inachachushwa. Toombak, tumbaku ya mdomoni ya Sudan, ni kati ya zenye nitrosamini nyingi kabisa zilizowahi kupimwa. Gutkha, tumbaku ya kutafuna ya India, inachanganywa na popoo (ile kokwa inayotafunwa na tambuu) na chokaa, na popoo peke yake, hata bila tumbaku, inasababisha saratani. Sasa mtu akisikia "Waswidi wanatumia na wako poa" akaenda kununua chochote kilicho kwenye kopo, amechukua habari za kitu kimoja akaziweka juu ya kitu kingine kabisa. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu aina nane za snus moja ya Uswidi kutangazwa kwamba ukiitumia badala ya sigara unapunguza hatari ya saratani ya mapafu, moyo, kiharusi na mengineyo. Neno la kushika hapo ni "badala", na ruhusa ilikuwa ya hizo aina nane, haikuwa ya tumbaku yote ya mdomoni duniani.

Kwa hiyo soma kopo. Kama hakuna jina la aliyetengeneza, hakuna viungo, ni poda tu kwenye karatasi, huna njia ya kujua unaweka nini mdomoni.

Pima arosto yako

Hiki ni kipimo rahisi na kinasema mengi. Kesho ukiamka angalia saa, halafu angalia tena unapowasha sigara ya kwanza. Ndani ya dakika 5, umeshikwa sana. Ndani ya nusu saa, bado umeshikwa vizuri tu. Ukipitisha saa nzima bila shida, kamba yako ni nyembamba.

Kwanini inahusika? Ukivuta moshi nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20 hivi. Ukiweka chini ya mdomo inapita taratibu kwenye ngozi laini ya fizi, inapanda pole pole, na inachukua kama nusu saa mpaka ifike kileleni. Nikotini ipo, wakati mwingine nyingi kuliko ya sigara ukijumlisha, ila ule mshtuko wa kichwani ambao mvutaji ameuzoea haupo. Mwenye arosto kali anaweka kifuko, anangoja dakika mbili, hasikii kitu, anasema hii ni takataka, anawasha sigara. Ndo maana wengi wanaacha siku ya kwanza wakidhani haifanyi kazi, kumbe walikuwa wanaisubiri kwa saa ya sigara.

Na siyo kila aina inapitisha nikotini sawa. Inategemea ukali wa alkali, kile kipimo cha pH. Tumbaku ikiwa na alkali zaidi nikotini inapenya haraka zaidi kwenye fizi, ndo maana wengine wanachanganya na chokaa, majivu au magadi, na viwandani wanaweka kabonati. Aina isiyo na alkali ya kutosha unaweza kukaa nayo mdomoni muda mrefu na arosto ikabaki palepale. Ile yenye nguvu nayo inakuzoesha vibaya, kutoka kwake ni kazi kama kutoka kwenye sigara, usije ukaingia ukidhani hii utaiacha utakavyo.

Siku ya kwanza inavyokuwa

Hapa naeleza kwa karibu kwa sababu siku ya kwanza inafukuza watu wengi kuliko bei, ladha na ushauri wote. Unabana kifuko kati ya mdomo wa juu na fizi. Ndani ya dakika moja panaanza kuwasha, kama umepaka pilipili kidogo, na fizi inapata joto. Mate yanajaa. Ukiyameza mapema, hasa kama ni tumbaku ya kulegea isiyo kwenye kifuko, koo linaungua na kwikwi inaanza, ile kwikwi ya nguvu inayoumiza kifua. Dakika ya kumi wengine wanapata jasho jembamba usoni, tumbo linazunguka, mate yanakuwa mepesi kama maji. Huyo amezidisha nikotini, atoe, asukutue mdomo, akae chini.

Mvutaji wa miaka mingi huwa anashangaa kwamba kichefuchefu kinaweza kumpata yeye aliyezoea nikotini, lakini kwenye sigara ulikuwa unajipimia mwenyewe kila unapovuta, hapa kifuko kinaendelea kutoa hata kama umeshatosheka. Fomu nayo inaamua sana, kifuko kidogo kisichohitaji kutema kinavumilika kuliko ya kulegea inayovuja kwenye meno na kukulazimisha kutembea na chupa ya kutemea. Kutema peke yake kumewakimbiza watu kibao, wanawake hasa, na walio kwenye kazi za kuongea na watu.

Halafu mkono. Mtu wa paketi moja kwa siku, kila sigara akiivuta mara kumi, anapeleka mkono mdomoni mara 200 kwa siku. Nikotini ya kwenye fizi haigusi hiyo tabia hata kidogo. Kama wewe sigara yako ya baada ya kula au ya kwenye simu ndo tamu kuliko zote, tatizo lako kubwa liko kwenye mkono na saa, na unahitaji kitu kingine cha kufanya dakika hizo tano, kuinuka mezani mara moja, kuosha vyombo, kutembea huku unaongea na simu, chochote ambacho hakiendani na kuwasha.

Waliokuzunguka

Hili watu hawalipi uzito na lina uzito mkubwa sana. Uswidi ndo mfano unaotajwa kila mahali, wavutaji ni wachache kuliko karibu nchi zote za Umoja wa Ulaya, na vifo vya saratani ya mapafu kwa wanaume wao viko chini. Lakini angalia kilichokuwepo, snus ilikuwa kwenye jamii yao tangu zamani, mtu alimwona baba yake nayo, mwenzake wa kazini anayo, hakuna aliyemshangaa. Na waliohama wengi walikuwa wanaume, kwa sababu wanawake kwa muda mrefu ilionekana haiwafai, mpaka siku hizi vifuko vyeupe vya nikotini visivyo na majani ya tumbaku vilipoanza kuwavuta wasichana, tena wengine hata sigara hawakuwahi kugusa, na hilo linanitia hofu kweli.

Sheria nayo inaamua kama utajaribu au hutajaribu kabisa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tumbaku ya namna hiyo ya mdomoni mwaka 1992, Uswidi ilipojiunga 1995 ikaachiwa yake, kwa hiyo mvutaji wa nchi nyingine ya Umoja huo hakuikuta dukani hata kama angeitaka. India nayo, majimbo yalianza kuzuia gutkha mwaka 2012, na wauzaji wakaanza kuuza mchanganyiko wa popoo pakiti moja na tumbaku pakiti nyingine, mnunuzi anachanganya mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya yote angalia sheria ya unakoishi inasemaje, kuna nchi kumiliki tu ni kosa.

Kwa upande wako jiulize tu, nani nyumbani anavuta? Kama mwenzi wako anawasha sigara sebuleni kila jioni, hiyo harufu itakushinda wiki ya kwanza. Ongea naye kabla, muombe avutie nje walau mwezi mmoja.

Kama umejipima na bado unataka

Mimi ushauri wangu wa kwanza hautakuwa kopo. Kuna njia zinazokupa nikotini bila majani ya tumbaku na zimepimwa vizuri, plasta ya nikotini ya kubandika kwenye ngozi inayokushikilia siku nzima, na juu yake chingamu au pipi ya nikotini kwa zile dakika arosto inapopanda, na hizo mbili kwa pamoja zinafanya kazi kuliko moja peke yake. Kuna vidonge pia, vareniklini, bupropioni na sitisini. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima mwaka 2024 na hizi zote zimo, pamoja na ushauri wa kuongea na mtu. Chingamu ya nikotini inakaa palepale mdomoni ambapo kifuko kingekaa, haina majani ya tumbaku, na zile NNN na NNK ni kidogo sana au hamna, kwanini usianze na hiyo?

Lakini najua wapo walioshindwa hizo mara kadhaa, au hazipatikani walipo, na wameamua. Basi fanya hivi. Chagua siku moja ya kuhama na siku hiyo sigara ziishe zote, usibakishe ile moja ya akiba, maana hiyo akiba ndo inayokurudisha. Usipange kupunguza pole pole bila tarehe, hapo ndo vyote viwili vinapozaliwa. Anza na kifuko kidogo chenye nguvu ndogo, kiweke kabla arosto haijapanda kwa sababu kinachelewa, kama unajua saa nne asubuhi ndo saa yako basi saa tatu na nusu kiwe mdomoni. Hamisha upande kila mara, ukibana palepale miezi fizi inarudi nyuma na mzizi wa jino unabaki wazi, na fizi iliyorudi nyuma haijirudishi. Na andika kabisa tarehe ya kuacha hicho kifuko chenyewe.

Kitu kimoja ambacho wengi hawaambiwi. Moshi wa sigara unalifanya ini kuvunja baadhi ya dawa haraka, na kafeini pia. Siku moshi ukikatika, hata kama nikotini bado unaipata, ile spidi inashuka, na kahawa ileile uliyozoea inaanza kukutetemesha na kukunyima usingizi, mtu anasema snus inanisumbua kumbe ni kahawa, punguza nusu. Kwa anayetumia klozapini (dawa ya ugonjwa wa akili) au teofilini (dawa ya pumu) hili ni kubwa zaidi, dawa inaweza kupanda kwenye damu mpaka ikawa sumu, kwa hiyo mwambie daktari kabla ya siku ya kuhama, siyo baada.

Mjamzito asihamie huku, snus wakati wa ujauzito imehusishwa na mtoto kuzaliwa kabla ya wakati na mtoto kufia tumboni, aombe msaada wa kuacha nikotini kliniki. Aliyewahi kupata shambulio la moyo vilevile, Uswidi walifuatilia wagonjwa waliokuwa wanatumia snus na kwa walioiacha baada ya shambulio, kiwango cha vifo kilikuwa karibu nusu ya kile cha walioendelea. Na vifuko vilivyotumika vitupe kwenye kitu chenye kifuniko, mtoto mdogo akimeza anaweza kuwa kwenye hatari ya kweli, bado vina nikotini.

Baada ya mwezi hesabu sigara za siku saba zilizopita, zote, hata ile ya kuombwa kwa rafiki. Kama ni sifuri endelea na tarehe yako ya pili. Kama zipo, hata mbili, chukua simu usome ile sentensi uliyoandika mwanzo, halafu nenda kwa mtu wa afya umuulize kuhusu plasta na vidonge, maana kopo limeshakuonyesha uwezo wake kwako. Na kila mwezi simama mbele ya kioo chenye mwanga, vuta mdomo juu na chini, angalia pale unapoweka. Ukiona utando mweupe au mwekundu usiofutika kwa kidole, au kidonda kilichopitisha wiki mbili hakijapona, hata kama hakiumi, usikipake dawa ya kubahatisha, mwone daktari wa meno wiki hiyohiyo.